Koti la Bluu la Waziri Mkuu

Alhamisi, 2 Mei

Koti limegoma kufunga. Lile la bluu, nililoapishwa nalo. Nimevuta tumbo ndani, nikavuta tena, wapi — kifungo cha kati hakikufika hata karibu na tundu lake. Fundi wa mavazi kasimama nyuma yangu, pini mdomoni, macho darini. Nikamwuliza, kwani nimenenepa? Akasema hapana, Mheshimiwa, nguo zikikaa sana kabatini hujikunyata. Hujikunyata! Mtu kashona umri wake wote, leo ananiambia kitambaa kinaona baridi.

Nimevaa la kijivu. Kazi imekwenda, lakini siku nzima nilikuwa najishika kiuno.

Naandika hapa hapa kwenye meza ya Waziri Mkuu, mafundi wa taa wakigombana na nyaya zao. Meza ina droo sita na inayofunguka ni moja. Ndimo ninamoweka miwani, vidonge vya presha na daftari hili. Simu haina waya. Dirisha ni picha ya bustani iliyowekewa taa kwa nyuma, kwa hiyo ofisini kwangu ni asubuhi mwaka mzima. Ukuta wa marumaru ni mbao nyembamba — ukiuegemea unakwenda nao. Nje ya ukuta ni ghala lililokuwa la magodoro, na jua likiwaka linanuka sponji mpaka leo. Basi. Nikishakaa kwenye kiti hiki, naongoza nchi. Msimu wa pili huu, kila Jumapili jioni, baada ya taarifa ya habari.

Na kabla ya hapo? Redio. Maisha yangu yote redio. Nilikuwa sauti ya mama mkwe, sauti ya muuguzi, sauti ya jirani mmbea, na siku moja mwenzetu alipougua nilikuwa sauti ya mbuzi. Hakuna aliyenijua sura. Nimefika miaka hamsini na sita ndipo mtu akaniambia njoo uwe Waziri Mkuu, tena mbele ya kamera. Nililia kwenye ngazi siku hiyo, sioni haya kuandika.

Mama hajawahi kuipenda kazi yangu. Kwake yeye kuigiza ni kudanganya watu kwa mshahara. Miaka yote akiulizwa binti yako anafanya nini, hujibu: yuko ofisini. Sasa akiulizwa ofisi gani, anainua kidevu — Ofisi ya Waziri Mkuu. Nami nitamkosoa vipi?

Jioni sikula. Tangu marehemu mume wangu aondoke tuko wawili tu mezani, kwa hiyo sahani isiyoguswa inaonekana. Mama kauliza naumwa nini. Nikamwambia koti la kazini halinifungi.

"Basi wabadilishe koti," akasema. "Wasije wakabadilisha mtu."

Jumamosi, 4 Mei

Mazoezi ya kipindi cha mwisho yameanza. Bosi — mtayarishaji wetu, mwenye kampuni, mwenye neno la mwisho — kaamua kipindi cha kufungia msimu kirushwe moja kwa moja, Jumapili ya wiki ijayo. Hakuna kurudia, hakuna kukata. Naibu wangu atasimama bungeni na kutoa hoja kwamba Bunge halina imani nami. Tutajadiliana, kura itapigwa, nitabaki au nitaanguka.

Naibu anaigizwa na Sabuni. Jina hilo limetokana na tangazo la sabuni lililompa umaarufu. Kila kona ya mji yupo kwenye bango, povu mpaka kidevuni, anacheka. Binti ana adabu, sitamsema vibaya. Kwenye igizo ananichimbia shimo tangu kipindi cha kwanza, lakini asubuhi shikamoo yake haikosi.

Mwisho wenyewe hatuujui. Msimu uliopita kuna mtu alipiga picha kurasa za mwisho kwa simu, mji mzima ukajua nani anajiuzulu kabla hatujarusha. Tangu siku hiyo Bosi haamini hata kivuli chake. Kwa hiyo miswada tuliyopewa inaishia pale Spika anaposema, "Sasa tupige kura." Tukifika hapo mwongozaji anapiga makofi, tunakwenda kunywa chai. Kura yenyewe hatuifanyii mazoezi kabisa.

Anayeigiza Spika ni mzee wa jukwaani, mtu wa kanuni. Kofia ikimwanguka katikati ya igizo haiokoti kama haikuandikwa aiokote. Leo kauliza, sasa mimi nitatangaza kura ngapi? Mwongozaji kamwambia: "Utahesabu mikono, Mzee. Utakayoihesabu ndiyo utakayoisoma. Mikono nitaipanga mimi siku hiyo hiyo." Mzee karidhika. Nadhani amefurahi kupewa kitu cha kufanya kweli.

Mchana nimekula na wabunge wangu. Wenzangu wenye majina hula chumba cha juu, chenye feni. Mimi siwezi. Hotuba hainiingii kichwani mpaka nimwambie mtu anayeweza kunijibu, na hawa wanajibu! Ni watu kama arobaini hivi waliochukuliwa kujaza viti vya Bunge, wapige meza wakiambiwa, wazomee wakiambiwa. Msimu wa pili wako kwenye viti vile vile, na kule bandani nyuma ya ghala wanakolia chakula wameshajigawia majimbo, kila mtu na mtaa wake. Wana vyama. Wana Mnadhimu wa kuwapanga, mama mmoja aliyekuwa mpishi wa shule ya bweni. Akikohoa tu, hata mimi nakaa sawa. Na wana mpinzani wa kweli, dereva wa teksi, ambaye hata nikipiga chafya anaomba ufafanuzi.

Leo nilikuwa naijaribu hotuba yangu ya utetezi. Dereva kasimama na kijiko mkononi. Mtaani kwao mabomba yanatoa upepo, watoto wanabeba ndoo, Serikali inasemaje? Nikamjibu kama ilivyoandikwa: Serikali inalifanyia kazi.

"Hilo si jibu, Mheshimiwa."

Banda zima likapiga meza. Mwongozaji alikuwa anapita na sahani yake, kasimama mdomo wazi. Kasema hiki ndicho ninachokitaka Jumapili, hivi hivi, moto huu huu, msiigize. Wakamwahidi moto.

Nikirudi nyumbani muuza nyanya wa mtaani kwetu kanisimamisha tena kuhusu mtaro. Umeziba, maji meusi yamejaa mpaka juu, kaweka ubao ili wateja wavuke. Nikamwambia tena, dada yangu, mimi naigiza tu. Akasema najua.

"Lakini si uko karibu nao?"

Jumatatu, 6 Mei

Sikunenepa.

Nilikwenda chumba cha mavazi kuomba kifungo. Sabuni kasimama juu ya kigoda, kavaa koti langu la bluu, Fundi kapiga magoti anamtia pini kiunoni. Limemkaa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, limemkaa vizuri. Akaniona kwenye kioo. "Shikamoo, Mama." Kwa sauti ya chini sana. Marahaba, nikasema, na kifungo nikakisahau.

Fundi kanifuata mpaka kwenye korido. Ameambiwa apunguze makoti yote matatu — la bluu kwanza, la kijivu na la zambarau baada ya Jumapili — na Bosi kamkataza kumwambia mtu. Kasema, mimi ni fundi tu, dada. Nilimwona hana raha, nikamwacha.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Bosi si mtu wa kutupa kitu. Meza ile ile, dirisha lile lile, makoti yale yale. Kinachotupwa ni mimi. Msimu ujao nchi itaongozwa na Sabuni.

Na nilivyojinyima chakula bure! Leo nimekula sahani nzima nikaongeza nyingine, kwa hasira. Mama kafurahi, kasema afadhali hamu imerudi.

Jumatano, 8 Mei

Naumia. Niandike tu, nani ananiona.

Wakiniondoa hapa nitapewa nini? Bibi mgonjwa kitandani. Anakohoa, anawaita watoto wake, anakata roho kabla ya matangazo ya biashara. Kichwa changu kimejaa hotuba, nitazipeleka wapi? Nimeshajua raha ya kuingia chumbani watu wakasimama. Wanasimama kwa kuambiwa, najua. Lakini mgongo wangu hauna habari hiyo, wenyewe umenyooka. Natembea hata sokoni nimenyooka.

Mama sijamwambia. Leo alikuwa anamweleza mgeni wake kwamba Jumapili nitakuwa na siku ngumu ofisini.

Ijumaa, 10 Mei

Mwongozaji kaniita kwenye gari lake, vioo kavipandisha. Kanipa kurasa zangu za mwisho. Hotuba ya kujiuzulu. Kisha kaniambia kwa upole, kama daktari: "Utaanguka. Lakini utaanguka vizuri."

Kura itanishinda, nitasimama, nitasema peke yangu mpaka mwisho wa kipindi, nchi nzima italia, nitatoka kwa mlango mkubwa. Mlango ukifungwa na mkataba umekwisha. Nikamwuliza kwa nini. Kasema Bosi anataka sura ya vijana, wenye matangazo nao wanataka, hivi na vile. Kasema yeye mwenyewe hakupenda. Alikuwa anauangalia usukani.

Hotuba ni nzuri, na ndiyo inayoniudhi. Laiti wangeniandikia upuuzi ningekasirika nikapona. Nimeisoma chooni, nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuongoza kikao cha mawaziri.

Mchana Mnadhimu kaniangalia macho.

"Dada, vipi?"

"Vumbi."

"Vumbi gani hilo la kupunguza watu makoti?"

Kumbe wanajua! Nilisahau kwamba Fundi naye hula bandani. Nikamwambia ndiyo kazi ilivyo, leo mimi kesho mwingine, nyinyi Jumapili pigeni meza vizuri nitoke kwa heshima. Mnadhimu kanimiminia chai, katia sukari nyingi bila kuniuliza, kasimama pale mpaka nikaimaliza.

Jumapili, 12 Mei

Asubuhi. Nimeamua. Navaa la bluu. Lifunge lisifunge. Nimeapishwa nalo, nitaondoka nalo, na baada ya hapo wampe wanayemtaka. Mama kaniombea dua mlangoni, kanitengeneza kola kama nakwenda shule. Sikuweza kumtazama.

Baadaye. Nimebaki. NIMEBAKI! Nimeshinda kura, na hata sijui niliyaota au yametokea. Mwandiko huu kesho hata mimi sitausoma. Simu nimeizima, ilikuwa inaruka mezani. Mama kalala, au anajifanya kalala. Koti limepasuka.

Jumatatu, 13 Mei

Sasa niandike kwa utulivu. Nimekaa kwenye kiti cha wageni nje ya ofisi ya Bosi. Nimeitwa, Sabuni kaitwa, ndani wanazozana, mlango umefungwa. Muda ninao.

Nianze na jana. Fundi aliponiona nachukua la bluu kalipokea mkononi mwangu. Kanivisha, kaliacha wazi mbele, kapiga pasi kola nikiwa nalo mwilini. Ukumbi umejaa, taa nyekundu ya kamera ikawaka. Sabuni katoa hoja yake, na ukweli usemwe, alikuwa hodari. Nikajitetea. Dereva wa teksi kanirudishia swali lake la maji mbele ya nchi nzima, nami nikamjibu vile vile, Serikali inalifanyia kazi. Katikisa kichwa, kakaa. Kisha Spika: sasa tupige kura. Wanaotaka Waziri Mkuu aondoke wanyooshe mikono.

Nilishautengeneza uso. Uso huo redio haikunifundisha, nilijifunza kwenye kioo cha kabati: mdomo umefungwa, macho mbali. Nikawa nasubiri kusikia nguo — mikono mingi ikipanda pamoja, nguo husikika. Sikusikia kitu. Nikageuza macho kidogo. Safu za nyuma karibu wote wamekaa, mikono mapajani, wanamtazama Spika kama watoto wema. Mikono iliyokuwa juu unaihesabu kwa jicho moja.

Mzee kahesabu kwa kidole. Kisha karudia, kwa sababu kanuni inaruhusu. Nyuma ya kamera msimamizi wa ukumbi, mwenye vidude masikioni, alikuwa anapunga mikono yake yote miwili kumwambia Mzee aache kuhesabu. Angekuwa na kiti bungeni naye angehesabiwa. Mzee hakumwona. Au alimwona.

"Wanaotaka aondoke, tisa. Wanaotaka abaki?"

Na hapo ndipo nilipozisikia zile nguo.

"Thelathini na moja. Hoja imeanguka."

Meza zilipigwa mpaka ukuta wa marumaru ukaanza kuondoka. Seremala aliukamata kwa nyuma na akaushikilia hivyo hivyo mpaka kipindi kilipokwisha, maskini, leo mabega hayainuki.

Mnadhimu kanieleza yote baadaye. Mwongozaji aliwapitia kwenye korido dakika za mwisho, kawaambia safu zote za nyuma wanyooshe mkono kunitoa. Wakasema sawa, kama siku zote. Akaenda kwenye mitambo yake huko juu. Wao wakaingia choo cha wanawake, wanaume kwa wanawake, wakafanya kikao. Mnadhimu kawauliza: tumeambiwa tusiigize, sasa kweli kweli, mnataka aende? "Tulipiga kura kule kwanza, dada. Hatukuja kwako kubahatisha." Wanane waliogopa kufukuzwa, wakasamehewa hapo hapo. Wa tisa ni dereva wa teksi. Nilimfuata nikamwuliza. Kasema yeye hakuogopa mtu, hakuridhika na jibu la maji. Nilimpa mkono, na nilimpa kwa moyo wote.

Lakini nimejitangulia. Hoja imeanguka, kipindi bado kina muda, na mimi kichwani nina hotuba ya kujiuzulu peke yake. Hakuna wa kukata. Hakuna aliyeandika kitu baada ya hapo. Msimamizi wa ukumbi alikuwa amekaa chini, kichwa mikononi.

Aliyeniokoa ni Sabuni. Katoka kwenye kiti chake, kavuka ukumbi mzima na viatu vyake vya visigino virefu, kanipa mkono kama Naibu anayekubali kushindwa, kainama sikioni. Nilidhani atanitukana.

"Mama, sema chochote. Nitakuuliza maswali."

Mkono wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu. Nikasimama. Nikainua mkono kuwatuliza wabunge, na koti likaachia. Mshono wa mgongo, kutoka shingoni mpaka kiunoni, na kipaza sauti kikanasa mlio wote. Nifanye nini? Nikalivua. Nikalitundika kwenye kiti cha Waziri Mkuu, nikabaki na blauzi, nikahisi hewa mgongoni. Na pale ndipo niliposahau kwamba naigiza.

Nikamgeukia dereva. Mheshimiwa, nikamwambia, umeniuliza na nikakujibu, lakini sikukujibu. "Tunalifanyia kazi" tunalisema tukiwa hatujaligusa. Bunge likapiga meza, dereva kanyanyua mkono kidogo kuonyesha amesikia. Nikaendelea. Nikawaambia habari ya mtaro wa kwetu. Maji meusi, ubao wa muuza nyanya, mama yangu anayefunga dirisha mchana wa joto kwa ajili ya harufu na kukaa kwenye giza. Nikasema mimi naongoza nchi nikitazama bustani ambayo jua lake halizami, nitajuaje kama mitaani kumechafuka? Mafundi wa taa walicheka kwa sauti, nayo imerushwa. Nikawa nasema kama ninavyosema bandani, mikono kiunoni, bila karatasi, na kila nilipotaka kuishiwa Sabuni alisimama na swali. La mwisho aliuliza kwa ukali wa Naibu hasa: na mtaro huo utazibuliwa lini, Mheshimiwa?

Mimi na mdomo wangu.

"Kesho asubuhi."

Taa nyekundu ikazimika. Kelele zilizofuata siwezi kuziandika. Mnadhimu alinibeba, nasema alinibeba, miguu iliacha sakafu. Mzee Spika alikuwa bado kwenye kiti chake, anasubiri mtu aahirishe kikao, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka, kakiahirisha mwenyewe.

Leo asubuhi nimeamshwa na majembe. Nimetoka na nguo ya kulalia. Wanaume wa halmashauri ya mji, toroli mbili, wanazibua mtaro kuanzia kwa muuza nyanya kuja kwetu. Nani kawatuma hakuna anayesema. Muuza nyanya kaniangalia tu, hakusema "nilikwambia", lakini uso ulisema. Msimamizi wao kaniona, kabana visigino, kanipigia saluti. Nikaanza kumwambia ndugu yangu, mimi siyo — Mama kanitangulia. Alikuwa ameshaweka kiti chake mlangoni, dirisha nyuma yake wazi.

"Huyo siyo Waziri Mkuu," kamwambia. "Ni mwigizaji. Mwanangu ni mwigizaji."

Kasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mtaa. Kasema mara mbili, kwa sababu jembe lililia katikati. Nimeishi nyumba moja na mwanamke huyu karibu umri wangu wote na neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Kisha kanigeukia mimi.

"Ila koti lilikubana. Serikali nzima mnakosa fundi?"

Nikaingia ndani, nikasingizia vumbi la mtaro.

Sasa hapa. Ndani Bosi anauliza nani alimwambia Mzee ahesabu. Mwongozaji anasema mimi. Bosi anauliza, na yeye kwa nini alihesabu? Mzee anasema niliambiwa nihesabu, nikahesabu. Bosi anataka kujua kama msimu ujao unaweza kuanza kwa kusema kura zilikosewa. Mzee anasema anayepinga hesabu huipinga kabla kikao hakijaahirishwa, na kikao kimeahirishwa. Simu hazinyamazi. Kila moja ikilia nasikia mwongozaji anajibu yale yale: ndiyo, ndiyo, yule mama. Ndiyo, koti. Hapana, halikupangwa.

Mnadhimu katuma ujumbe kutoka bandani: Bunge liko tayari kuitwa kwa dharura.

Sabuni yupo pembeni yangu, kavua viatu, ananigawia biskuti zake. Kasema tangu jana mama yake mzazi hamsemeshi kwa sababu alitaka kuniangusha. Nikacheka mpaka katibu wa Bosi katugeukia. Kisha Sabuni kasema, macho kwenye biskuti: "Lile koti lilikuwa linanitisha, Mama. Usiku nilikuwa naliota." Nikamshika goti. Sijui wanampangia nini. Wala mimi sijui wananipangia nini.

Fundi kafika. Futi shingoni, vipande vya kitambaa mfukoni, lile la bluu mkononi. Haliponi, kasema. Kitambaa cha ziada cha ndani alishakikata alipolipunguza, kwa hiyo kwangu halirudi, na kwa lilivyochanika kwa Sabuni haliendi. Kaambiwa tu na katibu aje na futi. Kumpima nani? Hawakusema. Kakaa. Katutazama: mimi, Sabuni, mimi.

Ndani Bosi kanyamaza. Bosi kunyamaza ni jambo, tumetazamana wote watatu.

Fundi kainuka, kasema yeye hana siku nzima. "Simama, dada." Nikamwambia ngoja kwanza wafungue mlango. Sabuni kanisukuma kwa kiwiko. Basi nimesimama, daftari nimeliegemeza ukutani. Ukuta wa matofali huu, hauondoki. Kiuno kakipima, kakitaja kwa sauti kama Spika, tena kaongeza kidogo, kasema safari hii tuache nafasi ya kupumua. Kitasa kinazunguka. Fundi hana habari nacho. Sasa anataka kifua, anasema niinue mikono yote miwili, na mikono ikiwa juu sitaweza kuandika